Manang Perpetua, Aliyeanza na "Hulipi Kitu"

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dawati la bima la wodi ya wazazi, Perpetua Lumantas anastaafu tarehe 30 Juni. Hapa Bohol, kisiwani kwetu Ufilipino, sote tunamwita Manang, dada mkubwa, na akikuita "wewe mtoto" ujue umeharibu kazi.

Kila Ijumaa huleta puto, vile vikeki vya mchele, na huvigawa kwa masharti yake: aliyechelewa kazini hapati, awe daktari awe mfagiaji.

Lakini leo kuna jambo lazima lisemwe, hata kama tuko kwenye sherehe ya kumuaga. Zamani tulipowaeleza wazazi kipimo cha kisigino, lile tone la damu linalotolewa kisiginoni mwa mtoto mchanga kutafuta magonjwa ya kuzaliwa nayo, tulianza na bei. Tulidhani huo ndio uwazi. Analyn, mchuuzi wa samaki, alipoisikia aliuliza, "Sasa nikauze nini, nguruwe wangu?" Akambeba mwanawe Rodel, akaondoka kabla hatujafika kwenye bima. Masikini, bima ilikuwa inalipa yote! Tezi ya shingo ya Rodel ilikuwa haifanyi kazi, na bila hiyo ubongo wa mtoto haukui vizuri. Vidonge vya kila siku, vikianzwa mapema, vingeiokoa akili yake. Tulipogundua, muda ulikuwa umeshapita.

Manang hakuwa kwenye zamu siku Analyn alipoondoka, lakini alilia kuliko sisi tuliokuwepo. Kisha alimwendea mkurugenzi. "Mtu mwenye hofu hasikii sentensi ya pili," alimwambia. "Ya kwanza iwe: hulipi kitu."

Tangu hapo ndivyo tunavyosema. Bei, ambayo bima inailipa, inafuata, halafu kile ambacho bima hailipi: nauli ya boti kwenda hospitali kubwa ya Cebu, majibu yakiwa mabaya. Wapo waliotaka nauli isitajwe. Manang aliwaka. "Ukimficha nauli leo, kesho atakuamini vipi kwenye dawa?"

Analyn alipojifungua tena, safari hii mtoto wa kike, alitutukana wote, na alikuwa na haki. Manang alimwacha aseme mpaka akachoka, ndipo akamwambia, "Hulipi kitu, mdogo wangu. Tupe kisigino." Tezi ya binti huyo, Ligaya, nayo ilikuwa mbovu. Alianza vidonge kabla hajamaliza mwezi.

Ligaya sasa yuko darasa la pili. Juzi alikuja kumsomea Manang kadi ya kumuaga, neno kwa neno, bila kukwama. Rodel alikaa kando yao, mkono wake ndani ya mkono wa Manang, akimsikiliza mdogo wake akisoma.

Asante, Manang. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za raha nyumbani kwako.