Nilishuhudia Uongo, na Ndugu Festo Akauamini

Bwana asifiwe! Asifiwe tena! Na nyinyi wa mlangoni mliojifunika mablanketi, semeni na nyinyi, baridi haijawakata ndimi. Wazee wetu, kamwene! Mnanifahamu, mimi ni Baba Upendo, fundi simu. Jumatatu mpaka Ijumaa niko kibandani kwangu Makambako, Jumamosi narudi hapa Yakobi kwa mke wangu. Mwaka jana mwezi wa sita nilisimama hapa hapa nikashuhudia jinsi nilivyoacha sigara, mkanipigia makofi na vigelegele. Leo nimemwomba mchungaji anipe nafasi ya pili, kwa sababu ushuhuda ule ulikuwa na uongo ndani yake. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, hata kama mtakasirika njiani.

Ndugu zangu, nilivuta sigara miaka kumi na tisa. Nilikuwa siwezi kuchomea hata waya mmoja bila sigara kuning'inia mdomoni. Simu za watu zilitoka kwangu zinanuka, mama mmoja akanirudishia yake, eti kwanza niifue! Kilima hiki cha kuja kanisani nilikuwa nasimama mara tatu, nikijifanya naangalia mashamba ya viazi ya watu. Na Mama Upendo alikuwa anasikia kikohozi changu kabla hajasikia hodi. Niliahidi kuacha kila mwaka mpya, na kila mwaka mpya nilianza na sigara.

Basi mwaka juzi dereva mmoja wa malori ya Tunduma akaniletea kidude kirefu kama kalamu nene. Akasema ni vepu yake, sigara ya umeme, haiwaki, nimtengenezee. Sasa mimi tangu utoto nina ugonjwa wa kutaka kujua. Redio ya marehemu baba niliifungua nikiwa darasa la pili, nikachapwa, nikaifungua tena. Nikakifungua na hicho. Ndani nikakuta betri, kikoili kidogo cha waya kimezungushiwa pamba, na tangi dogo la maji yenye harufu ya embe. Nikashangaa! Hakuna majani, hakuna moto, hakuna majivu. Waya unapata joto, maji yanageuka mvuke, mtu anavuta. Nikasema, kumbe ni birika tu hili! Nikakitengeneza, na fundi lazima ajaribu kazi yake, si ndiyo? Nikajaribu. Dereva alipokuja kuchukua chake, mimi nilikuwa nimeshaagiza changu.

Na nisiwadanganye mara ya pili: kilinisaidia. Ndani ya mwezi mmoja sigara sikuigusa tena. Kikohozi kikapungua, kilima nikakipanda bila kusimama, nguo zikanuka sabuni. Nilifurahi sana! Lakini lile swali langu la kifundi halikuniacha. Sigara ukiivuta inaisha, unatupa kipisi, unarudi kazini. Mbona hiki hakiishi? Nilikuwa nakinyonya nikiamka, nikipiga mswaki, nikiongea na wateja, nikisubiri ugali. Chupa ya yale maji imeandikwa nikotini, ile ile iliyomo kwenye tumbaku. Niliisoma vizuri, nikaiweka chupa mfukoni, nikaendelea.

Ndipo ikaja siku ile ya ushuhuda. Mngeweza kuridhika kama ningesema tu sivuti sigara tena, na ingekuwa kweli. Lakini nilipoona macho yenu yamenikazia, ulimi ukateleza. Nikasema niliomba jioni moja, na asubuhi kiu yote ilikuwa imekufa! Siku moja tu! Mkashangilia, na kidude kilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti langu, kimechajiwa mpaka juu.

Mtaniuliza, mbona hatukukuona ukivuta? Wapendwa, hii ni Njombe! Mwezi wa sita asubuhi kila mtu hapa anatoa mvuke mdomoni, mpaka mbuzi. Nilisimama pale nje na wazee wa kanisa, wao wanatoa wao, mimi natoa wangu, nani angejua? Nilijiona mjanja kweli kweli. Nilichosahau ni harufu. Siku moja Mama Upendo akaniuliza, "Baba Upendo, maembe unayakula wapi, na huku kwetu hata mwembe haukubali?" Nikamjibu ni pipi za Makambako. Akaniangalia tu, akaendelea kumenya viazi.

Sasa niwaeleze habari za ndugu yetu Festo. Wengi mnamjua, jirani yangu, anaendesha lori la kukusanya majani ya chai Lupembe. Alikuwa anavuta pakiti na nusu kwa siku. Siku ile ya ushuhuda wangu alitoka hapa akatupa pakiti yake shimoni, akisema kama Mungu amemfanyia fundi, atanifanyia na mimi. Jumamosi iliyofuata akaja nyumbani kwangu mikono inamtetemeka, amegombana na mkewe, hajalala. Akaniuliza, ulisali sala gani? Mimi nikamjibu, ongeza imani. Akaanguka, akavuta. Akafunga, akajaribu tena, akaanguka tena. Kila akija namwambia, ongeza imani. Akiondoka tu, naenda nyuma ya nyumba kuvuta. Ilipofika mwezi wa tisa hakuonekana tena kanisani.

Nikaomba lifti mpaka Lupembe kumtafuta. Nilimkuta kwenye kituo cha majani, wakulima wamepanga vikapu vyao kusubiri mzani, yeye amekaa kwenye ngazi ya lori anavuta wala hafichi. Akaniambia, "Kaka, usinitafute. Nimefunga, nimesali, nimelia. Wewe, Mungu alikusikia kwa siku moja. Mimi hanitaki. Basi, na mimi nisimsumbue."

Ndugu zangu! Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mtu anaiacha imani yake kwa sababu ya sentensi moja niliyoitunga mimi, nikiwa nimesimama hapa kanisani, ili nipigiwe makofi! Nikaingiza mkono kwenye koti nikakitoa kile kidude, nikamwekea kiganjani. Nikamwambia, Festo, mimi sikuacha. Nilihama tu.

Alikigeuza, akakinusa, akaniuliza ndani kuna nini. Nikamweleza. Akatazama vikapu viwili vikipimwa. Halafu akasema, "Miezi mitatu mimi najichukia, na wewe unaniambia niongeze imani?" Akanitukana. Alivyonitukana sitavisema kanisani, lakini nilistahili neno kwa neno. Wanawake wa vikapu wakageuka kututazama. Alipomaliza, akaketi tena, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Haya, wewe fundi. Hiki kinafaa au hakifai? Nihamie na mimi?"

Mimi ninayefungua kila kitu, hilo swali nilikuwa sijalifungua. Nikamwambia twende wote tukaulize.

Wiki iliyofuata tukaenda hospitali, hapa Njombe mjini. Tukamkuta daktari mmoja, binti mdogo tu, akatusikiliza bila kutucheka. Alisema mtu mzima anayevuta sigara akihamia vepu moja kwa moja, anaepuka ule moshi wa kuungua, na huo ndio mbaya zaidi. Lakini akasema isihesabiwe kuwa salama, mambo yake mengine bado hayajajulikana, na asiyevuta asiiguse kabisa. Na kinachomshika mtu ni nikotini, iwe imeungua au haijaungua. Nilikuwa na maswali kumi na moja nimeyaandika kwenye karatasi! Festo alikuwa na moja. "Daktari, nikitetemeka, ni kwa sababu sina imani?" Yule binti akamwambia, "Hapana, baba. Mwili unadai ulichouzoesha. Unatibika, na tutakusaidia." Festo akainamisha kichwa akalia pale pale kwenye kiti. Mimi nikaangalia dirishani kwa aibu.

Nikamuuliza na langu: mimi sasa, niache hata hiki, au nibaki nacho? Sikohoi, kilima napanda. Akasema hilo nijiulize mwenyewe ninataka nini, ila nikiona naelekea kurudia sigara, nirudi kwanza kwake tuongee. Nikatoka sina uamuzi.

Uamuzi niliupatia kwa mama yangu, Wanging'ombe. Mama ananusa ugoro tangu kabla sijazaliwa. Na ukimwuliza anakuapia hajawahi kuvuta tumbaku maishani mwake! Nikamwonyesha kidude changu, nikamweleza hakina moshi. Akacheka mpaka mtandio ukaanguka. Akasema, "Hata wangu hauna moshi, mwanangu. Haunikohozi, haunilazi kitandani. Ila siku tunamzika baba yako, jeneza linashushwa, mimi niliondoka kwenda kutafuta kikopo changu. Niliporudi mmeshafukia."

Wapendwa, siku hiyo naikumbuka. Nilimwona mama akiondoka makaburini, nikadhani anakwenda kulia peke yake. Miaka yote hiyo nilidhani hivyo!

Ndipo nikakumbuka kipaimara cha Upendo, binti yangu wa pekee. Alipopiga magoti pale mbele akawekewa mikono, mimi nilikuwa nyuma ya kanisa navuta mvuke wa embe. Picha ziko ukutani nyumbani, mama yake yupo, mjomba yupo, shangazi yupo. Mimi simo. Nilimwambia mtoto kuwa nilipigiwa simu na mteja. Hapo nikajua ninachotaka. Sikuumwa, sikuogopa kufa. Nilitaka kuwa mahali nilipo.

Nikaanza kwa kumweleza Mama Upendo kila kitu. Akasema, "Ahaa, kumbe pipi zimeisha!" Akaninunia mpaka wiki iliyofuata, halafu akanikaangia karanga niwe natafuna kibandani. Daktari akanielekeza nipunguze. Nikawa nanunua maji yenye nikotini kidogo, halafu kidogo zaidi, mpaka nikafika yasiyo nayo kabisa, na tangu Pasaka hata hayo sivuti. Nikakifungua kidude kwa mara ya mwisho, sasa ni vipuri.

Haikuwa siku moja, jamani! Nilimfokea mteja mpaka nikamfuata stendi kumwomba radhi. Usingizi ulinipaa. Sala zangu zilikuwa fupi, wala hazikuwa nzuri: "Bwana, nishike dakika hizi kumi." Dakika kumi zikipita, naomba nyingine. Alinishika! Sijui alifanyaje, na mnajua mimi kitu nisichokijua kinanisumbua, lakini alinishika. Na leo asubuhi nikipanda kilima kuja hapa, nimetamani. Nasema wazi, nimetamani. Mungu aliyenishika ni yule yule anayejua kuwa nimetamani, na sina sababu ya kumficha, wala kuwaficha nyinyi.

Kwa hiyo namshukuru Yesu Kristo. Namshukuru mke wangu, na mama, ambaye ugoro wake bado yuko nao na hataki mahubiri yangu. Na wewe uliyekaa hapo una chako, iwe sigara, iwe pombe ya ulanzi, iwe kitu ambacho mimi sikijui, mletee Bwana kile unachokijua wewe mwenyewe kuwa ni kweli. Usimletee ushuhuda uliopigwa pasi. Na ukishindwa kesho, njoo tena kesho kutwa. Hafungi mlango kwa ajili ya hilo.

Nina jambo moja la mwisho. Ndugu Festo yuko humu leo, benchi la mwisho kabisa, mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa. Ameniruhusu niseme. Kwenye vepu hakuhamia, yuko na daktari wake, na kutoka pakiti na nusu sasa anavuta sigara mbili kwa siku. Bado mbili. Alitaka asubiri ziishe ndipo aje kanisani, nikamwambia mimi nilitaka nionekane nimeshamaliza, ndiyo maana nikadanganya.

Festo, mdogo wangu, mbele ya hawa wote: Mungu hakukukataa hata siku moja. Aliyekudanganya ni mimi. Nisamehe.

Na nyinyi wapendwa, leo msinipigie makofi. Shukeni kule nyuma mkamshike ndugu yetu mkono, mmwambie karibu nyumbani. Mimi natangulia.