Basant Kaur Bajwa, Binti Aliyebaki kwa Babu

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto chini ya sufuria ya dengu, msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Bibi Basant Kaur Bajwa wa kijiji cha Kotli Nihal, upande huu wa mto Ravi. Amefariki Jumanne, usingizini, nyumbani kwa Jagtar Singh, aliyekuwa akimwita shangazi. Bibi Basant hakuwahi kuolewa. Shikeni hilo, kwa sababu nitalirudia. Hakuwahi kuolewa.

Jina la Bajwa mnalijua. Linabebwa na Masingasinga wavaa vilemba, linabebwa na Waislamu wanaosali msikitini, huku kwetu na huko ng'ambo ya mpaka. Thubutu kupiga simu hapa studio useme ni la watu wa dini yako peke yao, uone utakavyosutwa. Wengine wanasema Babu wa kwanza alifuga kipanga, na jina likatoka kwa ndege yule. Wengine wanabisha. Bibi Basant akisikia ubishi huo alikuwa akisema, "Aliyekuwepo anyooshe mkono."

Lakini Wabajwa wa Kotli Nihal wana tuta lao la udongo, pembeni ya shamba la ngano, na wanaamini Babu amelala chini yake. Ng'ombe akizaa, maziwa ya kwanza ni ya Babu. Bibi harusi akiletwa, anainamishwa pale na kuchota udongo kwa mkono. Na binti wa ukoo akiolewa, anaaga pale, maana kuanzia siku hiyo atainama kwa babu wa mumewe. Zamani walikuja wote, Masingasinga na Waislamu, wakamwaga maziwa kwenye tuta moja.

Mwaka wa arobaini na saba nchi ikakatwa mbili kwa dini, Waislamu wakavuka kwenda ng'ambo, Masingasinga wakaja huku. Wasikilizaji wapendwa, mwaka ule Bibi Basant hakuwa Basant. Alikuwa Sughran, binti mdogo wa Mbajwa Mwislamu. Watu wake walipokuwa wanaondoka, wauaji wakaushambulia msafara. Mama yake alikuwa na kichanga kifuani na kaka mkubwa, Inayat, mkononi. Mkono wa tatu hakuwa nao. Akamsukuma Sughran kwenye mabua ya mahindi nyuma ya tuta. "Kaa hapa kwa Babu. Usitoke mpaka nije." Mama hakuja.

Kesho yake Kehar Singh Bajwa alimkuta pale. Akamchukua, akamwita Basant, akawaambia watu ni yatima wa binamu yake aliyeuawa ng'ambo. Baadaye wanajeshi walileta gari kukusanya mabinti waliobaki, wawarudishe kwa watu wao. Kehar Singh akamwambia mtoto, "Ukitaka kwenda, nenda. Mimi sikuzuii." Sughran akajificha kwenye chumba cha majani ya ng'ombe. Mama alisema asitoke. Gari ambalo lingempeleka kwa mama yake likaondoka bila yeye. Jagtar aliponisimulia hapo, nilitoka nje kwanza kuvuta hewa.

Akakua. Wachumba wakaja na masanduku ya peremende. Kila wakija, Basant anakwenda kuketi kwenye tuta, habanduki. Watu hawakosi maneno. "Huyu anamsubiri bwana harusi wa chini ya udongo," walisema kisimani. Sababu alimwambia Kehar Singh peke yake. "Baba, nikiolewa nitainama kwa babu wa watu. Mama atakuja kunitafuta kwa babu yetu, anikose." Kehar Singh hakumsemesha tena habari za ndoa. Akafa na siri hiyo, pamoja na ya jina la Sughran, hata mwanawe hakuijua, wala mjukuu wake Jagtar.

Sasa niwaambie lililokuwa likiwatisha watoto wa kijiji. Kila jioni Bibi Basant alipeleka maji tutani. Alisema wapo watu wanasimama pale, na mizigo vichwani, hawasemi. Mkewe Jagtar, Nirmal, alimuuliza, "Shangazi, unawajua?"

"Nyuso zao sizioni. Wamegeukia barabarani."

"Huwaogopi?"

"Niwaogope kwa lipi? Wana kiu tu." Nirmal ananiambia hata yeye akawa hapiti pale jua likianza kuinama.

Miaka kumi na miwili iliyopita, teksi ilisimama mbele ya duka la mbegu la Jagtar. Akashuka mzee, kibali chake cha kukaa upande huu kinaisha siku ileile. Akasema, "Mwanangu, mimi ni Inayat Bajwa, nilizaliwa hapa. Tulimwacha dada yangu mdogo, Sughran. Niambie tu, mlimwoza kijiji gani?"

Jagtar akajibu alichokijua. "Mzee wangu, hapa hatujaoza binti wa Kiislamu. Ningejua."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mzee."

Inayat akakataa chai. Akapanda teksi. Nani angemlaumu kwa kuuliza vile? Kwetu binti hatafutwi kwa baba yake, anatafutwa kwa mumewe. Na dada yake alikuwa nyuma ya duka lilelile, anafagia tuta.

Wakati wa chakula Jagtar akasimulia, kama habari ya kuchangamsha watu. Bibi Basant akarudisha chapati kwenye sahani. "Kaondoka?"

"Zamani sana, shangazi."

"Ungemwambia apite kwa Babu." Kisha akawaambia jina alilozaliwa nalo, Sughran, na jinsi mama alivyomwacha tutani. Jagtar aliendesha gari mpaka mpakani, akakuta geti limefungwa. Mzee hakuacha anwani. Aache ya nini, na ameshaambiwa hayupo?

Tangu siku ile Bibi aliongeza bakuli moja la maji. Jagtar alimuuliza ni la nani, yeye akaendelea kumimina. Ndiyo maana nikimwita Mzee Inayat leo, sijui naongea na mtu aliye hai au na mmoja wa wale wanaosimama tutani. Naogopa kusema, lakini nitasema.

Pole sana, Jagtar. Pole, Nirmal, na Kotli Nihal nzima. Wasikilizaji wapendwa, kama kuna mtu wenu mliyepoteana naye, fikirini leo mmekuwa mkimuulizia wapi. Pengine mnamuulizia tu pale desturi inapotaka awepo.

Na mawimbi ya redio hii hayaombi kibali mpakani. Mzee Inayat Bajwa, popote ulipo, pole. Uliuliza dada yako aliolewa wapi. Hakuolewa. Alikuwa palepale mama alipomwacha.