Karibu na Masomo ao Karibu na Shamba

Pikipiki ya Lwamba ilibeba wamama wawili kutoka Kabambare, waliojuana njiani, na kelele ya moteri haikumzuia kusikia lolote. Viviane alikuwa anahamia Kasongo; watoto wake wangemfuata akishapata nyumba. "Tafuta nyumba karibu na masomo," mwenzake Nadine alimshauri, "watoto waende kwa miguu." "Na muhogo wa majani ya sombe nitalima wapi? Pembeni ya mji iko shamba." "Pembeni iko pia mapikipiki yanakimbia kama wazimu!" Lwamba akakohoa. "Wamama, niko hapa." "Tunajua, papa. Punguza mwendo!" Wakacheka wote watatu.

Walipoingia mjini, shule zilikuwa zimefunga, na watoto walijaza barabara wakiimba. Lwamba akazima moteri. Viviane akashuka. "Wacha nitembee nao kidogo," akasema, "nione kama miguu yangu itapapenda hapa."