Kamba Niliyoikaza kwenye Bawa la Mgeni

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko. Herufi zangu hulala kama mpunga uliopigwa na mvua, na palipo na makosa ya tahajia msinicheke sana. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo, nje ya kisomo, kalamu naishika mara chache. Karatasi hizi nimeziandika kwa siku tisa. Katibu wa kikundi chetu amekubali kuwasomea kwa sababu mimi nikisimama mbele za watu naishia kuinamisha kichwa. Nimekaa nyuma, karibu na mlango. Tafadhali msigeuke kunitazama.

Sitataja jina la mtu. Najua hapa Mtawanya ni padogo, na wengine mtawatambua wahusika kabla katibu hajageuza ukurasa wa kwanza. Mkishawatambua, nyamazeni tu.

Mimi ni mtu wa Kitaya, kule mtoni Ruvuma, na nimekulia katika miaka ya vita vya ng'ambo ya mto. Kwetu ndege haikuwa chombo cha safari. Ukisikia mlio wake unatupa jembe, unakimbilia chini ya mikorosho, unalala kifudifudi mpaka mlio uishe. Nilipokuja mjini nilikuwa utingo wa lori la korosho kwa misimu miwili, kisha nikapata kazi uwanja wa ndege. Mama alipopata habari alisema, "Mwanangu, miaka yote umezikimbia, leo unakwenda kuzilaza?"

Kulaza ndege ndiyo kazi yenyewe. Ndege kubwa za abiria hushusha watu, hupakia, huondoka. Lakini zipo ndogo, za watu binafsi, zenye viti viwili au vinne, ambazo hulala kwetu siku moja au mbili. Mwenyewe analipa ushuru wa kulaza, nasi tunampa mahali kwenye nyasi, kabari za kuzuia magurudumu, vigingi vya chuma, kamba za katani za kufungia mabawa upepo usiibebe, na mlinzi. Akitaka petroli tunaivuta kwa pampu ya mkono kutoka kwenye pipa na kuichuja kwa ngozi laini, maji yasipite.

Aliyenifundisha yote haya ni mzee wa zamu. Alikuwa hajui kusoma, lakini kila zamu aliitia kitabuni kwa dole gumba lake. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Usiione inanguruma ukaiogopa. Ndege ni kama kuku: manyoya mengi, nyama kidogo. Ishike kwa adabu."

Ndugu zangu, laiti ningeyashika maneno yale.

Wakati wa masika alishuka rubani mmoja, Mzungu, peke yake, na ndege ndogo ya mabawa ya kitambaa. Nilimshuku kabla hajazima injini. Kwanza, alikuja peke yake. Pili, Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno. Aliniamkia vizuri, akamwamkia mzee shikamoo, na mimi nikajiuliza, huyu amejifunza adabu zetu kwa kazi gani?

Nikamwambia, "Ushuru wa siku mbili, bwana."

"Nitalipa. Lakini nalipia nini hasa?"

"Kulaza."

"Kamba ni zenu?"

"Ni zetu."

"Na mlinzi yupo mchana na usiku? Mvua ikinyesha, nani atazitazama kamba?"

Alilipa bila kupunguza hata senti, kisha akataka risiti. Wengi hawajisumbui na risiti. Yeye aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Nikasema moyoni, mtu mwema anataka risiti ya nini?

Nikaifunga ndege yake. Akaja nyuma yangu, akainama, akalegeza kila kamba niliyofunga. "Usikaze hivi, kijana. Acha nafasi ya kiganja." Hakusema sababu, wala mimi sikuuliza. Kisha akasimama akitazama upande wa kusini, upande wa Ruvuma, akatoa kijitabu akaandika.

Tulikuwa tumeambiwa mikutanoni tuwe macho, kwamba adui hana pembe. Nikajiona mimi ndiye niliyemgundua. Nani anataka ndege yake ikae legelege, kama si mtu anayetaka kuondoka ghafla?

Nikaenda kwa mama muuza uji pale getini. (Mama, najua umekaa mstari wa mbele. Naomba usicheke bado.) Nikamuuliza amemwonaje mgeni.

"Ana viatu vizuri," alisema. "Yangu macho."

Nikarudi kwa mzee. "Mzee, yule mtu simwamini."

"Amelipa?"

"Amelipa."

"Amekutukana?"

"Hapana."

"Basi mwache alale hotelini, na ndege yake ilale nyasini. Ngoja niwahi adhuhuri." Akachukua birika lake akaenda kutawadha.

Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Si kwa pombe, hiyo ilikuja baadaye. Nilianguka nikiwa mkavu kabisa, mchana kweupe.

Mliowahi kupakia korosho mnajua. Kamba ya lori haikazwi kwa mkono peke yake. Unapitisha kijiti katikati ya kamba mbili, unazungusha, kamba inajisokota, magunia yanabanana yasitikisike hata barabara ya Newala. Nilikata vijiti viwili vya mkorosho, kimoja kwa kila bawa, nikazungusha mpaka kamba ikalia kama uzi wa zeze. Nikasema, ondoka basi tuone.

Na lipo jambo ambalo nililificha kwa muda mrefu kuliko yote. Mawingu niliyaona. Nami nilijua kamba ya katani ikilowa hufanya nini, kwa sababu kila nyumba ya kwetu ina kitanda cha kamba, na kikilegea tunakimwagia maji kikaze. Nilijua. Nilifurahi kwamba mvua itanisaidia kumzuia. Jambo moja tu sikulijua, kwamba bawa la ndege si gunia la korosho.

Mvua ilianza alasiri nikiwa nimekwisha kwenda nyumbani, ikanyesha hadi kesho yake asubuhi. Nilipofika kazini nilikwenda moja kwa moja nyasini. Bawa la kushoto lilikuwa limevutwa chini, nguzo yake imepinda, na kitambaa kimejikunja kama paji la uso la mtu mwenye hasira. Sikuita mtu. Nilichomoa vijiti, nikavirusha nje ya uzio. Kamba zikabaki zimekaza tu, kwa maji.

Rubani alipokuja hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alipapasa lile bawa, akafungua kifungo cha mfuko, akamwonyesha msimamizi wetu ile risiti. "Nililipia mtu wa kutazama kamba," alisema. Basi ndiyo kazi ya risiti.

Msimamizi akatuita. Mzee akasema, "Kijana alifunga, mgeni akalegeza. Nimeona kwa macho yangu zimelegea."

"Halafu nani akazikaza?"

Msimamizi akanigeukia. Nikasema, "Sijui. Mimi niliondoka alasiri."

Maneno manne, basi. Dole gumba lililokuwa kitabuni ni la mzee. Akaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe, na watu wakaanza kunong'ona kwamba huenda ametumwa na adui. Mzee aliyeishi mjini hapa kabla baba yangu hajaoa! Mimi nikapewa zamu yake, na koti lake la mvua. Lilinuka tumbaku yake. Nililivaa.

Tangu siku ile nikawa siamini mtu. Watoto wakipiga mluzi, nasema wananipigia mimi. Mama wa uji alianza kunijazia kikombe mpaka juu bila kuongeza bei, nami nikajiuliza anataka nini. Ilipofika Jumamosi moja msimamizi akanisifu kwa kuwahi kazini, nikadhani ananitega. Jioni nilikwenda kunywa uraka, pombe yetu ya mabibo, kwa sababu pale kwenye uraka hakuna anayekumbuka jana. Wapo humu ndani waliowahi kuninyanyua kwenye mtaro. Mnajijua.

Siku moja, saa za mchana, mzee akabisha hodi kwangu. Alikuwa amekonda. Mkononi ana barua ya ofisi, inamtaka ajieleze kwa maandishi, la sivyo kazi basi.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe una shule, nawe ulikuwapo. Niandikie, mwanangu. Wengine wataongeza chumvi."

Nikatoa karatasi. Akakaa juu ya ndoo akasema polepole ili nimfuate. "Andika: mimi sikuikaza kamba ile."

Nikaandika. Mimi mimi sikuikaza kamba ile. Neno mimi nililiandika mara mbili.

"Andika: wala simjui aliyeikaza, wala simshuku mtu."

Kalamu ikasimama.

"Imekwisha wino?" aliuliza.

Ndugu zangu, mji mzima ulikuwa unashukiana, na mimi nilikuwa namshuku hata mbuzi akinitazama. Mtu mmoja tu hakuwa na shaka na mtu, naye ndiye niliyemfunga kamba shingoni. Nikasema, "Mzee, ni mimi." Nikamweleza yote: vijiti, mawingu, kitanda cha kamba.

Hakunipiga. Aliuliza tu, "Vijiti viko wapi?"

"Nilivitupa."

"Andika hivyo." Akainuka, akaenda bila kunywa maji niliyompa.

Niliandika karatasi ile ile, chini ya maneno yake, nikaipeleka mwenyewe. Msimamizi aliisoma akanitazama kwa jicho la pembeni. "Mzee amekupa nini ubebe mzigo wake? Au amekufanyia dawa?"

Niliposema uongo niliaminiwa mara moja. Niliposema kweli nikaambiwa nilete ushahidi!

Nikatoka kutafuta kwenye nyasi nje ya uzio. Nilipekua kutwa nzima, miiba ikanichoma. Mama wa uji akaniita. Akachomoa komeo la banda lake, akanipa. Kilikuwa kijiti changu, na mkwaruzo wa kamba bado uko katikati.

"Nilikiokota siku ile ile," alisema. "Nikasema ipo siku kitaulizwa."

"Mbona hukusema, mama?"

"Uliniuliza? Nilikuwa nakujazia uji, labda ukishiba utasema."

Nikaenda nacho nyuma ya ofisi, nikamwita msimamizi na karani wake. Nikafunga kamba ya katani kutoka kwenye kigingi hadi mguu wa kiti, mwili wa kiti ukazuiwa na nguzo ya baraza. Nikazungusha kijiti, nikamwaga ndoo mbili za maji, tukakaa kusubiri. Msimamizi alikuwa anatazama saa. Kamba ikaanza kulia kidogo kidogo, kisha mguu wa kiti ukasema ta! ukavunjika.

"Hicho ni kiti cha nani?" msimamizi akauliza.

"Ni chako, bwana," akajibu karani.

Mzee alirudishwa kazini wiki ile. Mimi niliachishwa, na ilikuwa haki. Siku ndege ilipokwisha kutengenezwa nilikwenda kumwomba radhi yule rubani. Alinipa mkono, akaniambia kilichomfanya alegeze ni hayo hayo ya kamba kulowa. Angenieleza, kama ningemuuliza. Halafu akatoa kijitabu chake akaandika, na mimi nikarefusha shingo nichungulie. Hadi leo sijui anaandika nini, na sitawadanganya, bado namshuku kidogo.

Nawashukuru ninyi wa kikundi hiki. Yupo aliyenipa palizi ya mikorosho Naliendele nilipokosa kazi. Yupo aliyenipitia kila jioni akanipeleka kwenye kisomo nikawashikishe wazee kalamu, ili saa ya uraka ipite nikiwa darasani. Mama wa uji, asante. Sasa unaweza kucheka. Na miezi miwili iliyopita uwanjani walitaka tena mtu wa kufunga kamba, nikarudishwa, na nimesikia kwamba aliyesema niitwe mimi ni mzee.

Neno langu kwenu ni dogo. Kumshuku mtu si kosa, macho tumepewa tutazame. Ila muulize kwanza kabla hujamfunga.

Mwenye la kunijibu naomba aniandikie, hata mistari miwili, ampe katibu. Ana kwa ana nitainamisha kichwa tu, mnanijua.

Na wewe mzee, uliyekaa karibu na dirisha. Tunafanya kazi pamoja, tunakunywa chai birika moja, lakini tangu siku ile uliyokaa juu ya ndoo nyumbani kwangu hujaniambia kama umenisamehe, nami nimeshindwa kuuliza kwa mdomo. Kwa hiyo nauliza kwa karatasi. Mjukuu wako yuko darasa la nne, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Mwambie akuandikie jibu, hata likiwa hapana, halafu tia dole gumba lako. Mimi nasoma polepole, lakini nitalisoma mpaka mwisho.