Karatasi ya Chini ya Mto Wangu

Naanza kwa jina la Mola aliyenipa ulimi, nami nikautumia kwa ukali kuliko haja. Abdulnasir, funga mlango wa uani uje ukae hapa karibu, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na sitaki kesho useme hukusikia. Wahida, binti yangu, nyamaza, utalia nikishaondoka. Sheikh Shuaibu na jirani yangu Mtoro nimewaita wawe mashahidi wa maneno haya, wayasikie yakitoka kinywani mwangu nikiwa na akili zangu. Na wewe Hafidha, mke wangu mdogo, mjukuu aliyeniachia mwanangu marehemu Bwanaheri, usisimame kizingitini kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Ingia.

Mimi Mahmoud nakufa kwa ini. Daktari alitueleza wote wawili, Abdulnasir, mimi na wewe, akatuonyesha picha, akasema uvimbe umo humo tangu zamani na umeshasambaa. Umri wangu wote wa kazi pale Mbegani nilifundisha vijana mashine za boti, na jambo la kwanza nililowafundisha ni kwamba mashine ikizima hutafuti wa kumlaumu, unaifungua unaitazama. Mimi nimefunguliwa, nimetazamwa, ugonjwa umeonekana. Nyinyi mkaenda kumtafuta wa kumlaumu.

Nimalize kwanza ya mali, nisije nikakatikia njiani. Shamba la Kiwangwa na mananasi yake, na nyumba hii, mtagawana wawili nyinyi kama Mungu alivyogawa, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja, Sheikh atasimamia, na asiyeridhika akagombane na Kitabu. Hafidha hayumo. Baba yake alinitangulia, na maadamu wewe Abdulnasir, baba yake mkubwa, u hai, yeye harithi. Sheria ndiyo hiyo na sina ugomvi nayo. Lakini sheria hiyo hiyo imeniachia theluthi yangu nimuusie nimtakaye asiye mrithi, na mimi namuusia Hafidha chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, pamoja na meza yangu. Sheikh ameshakadiria, hakifiki hata hiyo theluthi. Kiwe chake aishi humo, asome humo, asiulizwe na mtu anasoma nini.

Kwa sababu mnajua anachosoma, mnajifanya hamjui. Alipopata shahada ya uzamili mlipika pilau mkaalika mtaa mzima. Aliposema anaendelea na uzamivu, tena wa Wagiriki na Warumi wa kale, nyuso zikawakunjamana, mkaulizana Kigiriki atamfundisha nani hapa Bagamoyo, na ataolewa lini. Na mimi nilimuuliza, tena kwa kejeli. Akanijibu kwa upole kwamba wafanyabiashara wa watu hao walishafika pwani hii, wakaandika jinsi watu wa huku walivyoshona vyombo vyao kwa kamba, zama ambazo hata msikiti wa kwanza ulikuwa haujajengwa. Nikakubali. Mtu aliyeona kwetu akatuandika, si vibaya mmoja wetu akajua kumsoma.

Basi tangu nilipolala kitandani, kila alipokuja kutoka Dar alikuwa akinisomea baada ya alasiri. Kazi yake ni wosia. Wosia wa watu wa kawaida waliokaa Misri wakati Warumi wanatawala, wakaandikiwa kwa Kigiriki: mkulima, mjane, askari mzee aliyechoka. Kulikuwa na mmoja, mfumaji nguo, naye mgonjwa, aliyemwachia mjukuu wake wa kike chumba kimoja, akawasihi wanawe wasimtoe humo akishakufa. Nikamuuliza Hafidha, je, walimtii? Akasema, "Babu, karatasi imeishia hapo, kipande cha chini kimeliwa na mchwa, hakuna ajuaye." Sikulala vizuri siku ile. Nilimwomba aninakilie maneno ya mzee yule kwa herufi zake zile zile, niyaone yalivyokaa, naye akanakili, nami mwenyewe, kwa mkono wangu huu, nikaiweka karatasi ile chini ya mto. Umesikia, Wahida? Ni mimi. Nilimwonea huruma mzee mwenzangu.

Wewe ukaja kubadilisha shuka, nami nimelewa dawa za maumivu siwezi kusema, ukakuta chini ya mto wa mgonjwa karatasi yenye herufi usizozijua. Sikulaumu kwa kushtuka. Sote tumekulia hapa, tunajua talasimu hufichwa wapi na hufanana vipi. Nakulaumu kwa kutouliza. Mkamleta fundi wenu wa uganga kutoka Makurunge, mtu asiyeweza kusoma hata jina la vidonge vyangu, naye akasema herufi zile zimenifunga ini. Mkaingia chumbani kwa mtoto wakati hayupo, mkatoa sanduku lake zima, mkalichoma hapo uani, na mimi nikausikia moshi nikadhani mnapika.

Mnajua mlichoma nini? Alipopelekwa ng'ambo kuziona karatasi zenyewe, alikaa mbele yake akanakili neno kwa neno, kila pengo na kila doa. Maandishi yake ya mkono hayamo kwenye kompyuta wala popote. Yule mfumaji alikuwa amesaliwa na mtu mmoja tu hapa Bagamoyo wa kumsikiliza, mkamuua mara ya pili. Na mtoto alipofika akakuta majivu, hakupiga kelele. Aliyatazama, akaja hapa, akaniuliza kama nimekunywa uji. Nililia mimi.

Sasa mtaa wote unasema Hafidha amemroga babu yake kwa vitabu vya masanamu. Wahida, nimekusikia ukiwaambia wanawake kwamba siku ya maziko asikanyage ndani. Naogopa. Siogopi kaburi, naogopa nyumba hii siku ya pili yake, mimi sipo, na mtoto wa Bwanaheri anatupiwa nguo zake barabarani. Ndiyo maana nimewaita.

Nipeni maji. Kidogo.

Abdulnasir. Mtu akifika anapofika, kuna wa kukaa kichwani pake amtamkie shahada, aifuatishe. Wewe ndiye mkubwa, na kila mtu anajua nafasi ile ni yako. Nakunyima. Si kwa chuki, mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa ukinibeba kwenda msalani na sikusahau. Nakunyima kwa sababu baada ya maziko watu watauliza, kama wanavyouliza siku zote, mzee alitamkishwa na nani, na mtajibu Hafidha. Mkishajibu hivyo, hamtaweza kusema tena kwamba mdomo huo huo uliniua. Sheikh, ni halali? Ameitikia. Mtoro, umeona ameitikia.

Anayemtoa mtoto huyu chumbani mwake, simsamehe. Anayemwacha akae, radhi zangu ziko juu yake na juu ya watoto wake, popote watakapokwenda.

Hafidha, ukirudi kwa mfumaji wako... utamrudia, najua, wewe mbishi... anza upya. Chumba unacho. Mwambie na mimi nilikuwapo. Wosia wangu una mashahidi, hautaliwa... hautaliwa na mchwa.

Nigeuzeni kibla. Taratibu, upande huo unauma. Wahida, shika mguu. Hivyo. Mungu awa... awape nyote kuvumiliana. Nimewasamehe ya sanduku, kama yeye atawasamehe. Hilo ni lake, si langu.

Abdulnasir, mpishe.

Mpishe, mwanangu, akae hapo.

Haya, mke wangu. Anza wewe. Polepole... nakufuata.