Nilimwambia Mama Ni Masikio Yake

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mmeitikia kwa sauti ndogo, na si kosa lenu, tuko wachache. Mimi ni Komora, mnanijua, mwana wa hapa hapa Wenje. Ni mimi niliyekuwa nikigonga kengele ya kanisa hili, ile rimu ya lori iliyotundikwa pale nje, miaka mingi kabla sijawaacha. Leo nimesimama kueleza jinsi nilivyowaacha na nilichomfanyia mama yangu. Nivumilieni, huu si ushuhuda wa kupigiwa makofi.

Mafuriko yalipobeba migomba yangu yote, nilingoja watu wa kanisa waje angalau kunipa pole. Hakuja mtu. Kila mmoja alikuwa amebebewa yake, sasa najua, lakini wakati ule moyo ulikuwa umeshauma. Kisha Jumapili moja nikachelewa kugonga, mzee wa kanisa akanisema mbele za watu kama mtoto mdogo. Nikachukua kile chuma cha kugongea, nikaenda nacho nyumbani, nikakikita chini kikawa kigingi cha kufungia mbuzi.

Tangu hapo nikawa Mkristo wa shambani. Jumapili nakwenda kuketi huko peke yangu, nafungua mahubiri kwenye simu, mhubiri akinichosha namzima. Watu wakiniuliza nawajibu, mimi na Mungu wangu tunajuana. Na sitawadanganya, ndugu zangu, kulikuwa kutamu. Mungu alikuwa kule, niliomba na akanijibu. Wengi nao wakaona afadhali hivyo, hasa vijana, kila mtu na simu yake na maombi yake. Nyinyi mliobaki mkawa mnagonga rimu kwa jiwe, sauti inaishia mlangoni.

Sasa mama yangu. Miguu ilikuwa imemkataa, hawezi kutoka kitandani. Kanisa lake lilikuwa ile kengele. Ya kwanza ikilia, anamwita mke wangu Rehema amfunge leso safi. Ya pili ikilia, anaketi na kuanza wimbo, akijua na nyinyi huku mnaanza. Hivyo ndivyo alivyosali nanyi miaka yote hiyo bila kukanyaga hapa.

Jumapili ya kwanza baada ya mimi kutoka, akauliza, "Komora, mbona kengele haijalia?"

Niliona aibu kumwambia. Nikasema, "Imelia, Mama. Ni masikio yako, ya mbali huyasikii tena."

Akafikiri kidogo. "Na adhana ya ng'ambo ya mto mbona naisikia?"

"Ile ina spika, Mama."

Akaniamini. Akaniomba hata samahani, eti uzee wake unanisumbua. Basi kila Jumapili, kabla ya kwenda shambani, namwambia sasa imelia, naye anaanza kuimba saa ile niliyoibuni mimi. Rehema akaniuliza siku moja, "Unamdanganya mzazi, halafu unatoka hapo unakwenda kuomba?" Maneno yale yaliniingia, lakini nilichukua simu yangu nikaenda.

Miezi ikapita. Jumapili moja simu iliisha chaji nikiwa shambani, nikarudi mapema. Kutoka nje nikamsikia Mama anaomba kwa sauti. "Bwana, miguu umechukua, sikulalamika. Nirudishie masikio tu, nisikie kengele ya mwanangu kabla sijafa."

Niliketi chini pale pale, nikalia. Kigingi kilikuwa mbele yangu, na mbuzi amelala kando yake. Nikamfungua, nikaking'oa kile chuma, nikaja hapa mbio. Mliokuwapo mnakumbuka nilivyogonga. Niliporudi nyumbani nilimkuta Mama anabubujikwa machozi. "Komora, yamefunguka! Nibebeni kanisani nikashuhudie!"

Ndugu zangu, ningeweza kunyamaza. Mama angefurahi, nanyi mngeshangilia. Lakini angesimama hapa kutoa ushuhuda wa uongo usio wake. Nikapiga magoti nikamweleza yote.

Akauliza, "Kwa hiyo sikuwa kiziwi?"

"Hukuwa, Mama."

Akasema, "Miezi yote hii nilikuwa naomba masikio. Ningejua, ningekuombea wewe."

Hakunifokea. Aliushika mkono wangu, akaanza kuniombea saa ile ile. Alhamisi akafariki. Mlikuja wote kumzika, na yule mzee aliyenisema ndiye aliyenishika nisianguke. Bado naumia, siwafichi. Kuna Jumapili ambazo nilimnyang'anya mama yangu, na sina pa kuzipata.

Lakini namshukuru Bwana, maana nilikuwa nimefungwa na kinyongo na uongo, na kwa maombi ya Mama amenifungua. Wewe unayesali peke yako sikukatazi. Mungu atakusikia huko uliko. Ila mwamini pia akurudishe kwa wenzako, hata kama walikukosea. Pengine kuna mtu yuko kitandani anakungoja wewe ndipo aanze kuimba.

Kile chuma nimekirudisha. Mbuzi atafungwa penginepo. Jumapili ijayo nitagonga ya kwanza na ya pili. Mwambieni na yule aliye shambani: akisikia, asidhani ni masikio yake. Ni mimi, namwita.