Ripoti Niliyoiandika kwa Wivu

Asifiwe Bwana, asomaye hata yale tuliyoyaacha bila kuandika! Ndugu zangu, nisikilizeni.

Kwa wiki tano swali moja lilininyima usingizi: mtu akiandika maneno yaliyosemwa kweli, mbele ya watu, je, anaweza kuwa amesema uongo? Nililigeuza swali hilo huku na huku kama mtu atafutaye chawa katika shati. Mnanijua. Mimi hata salamu naifikiria mara mbili kabla ya kuiitikia.

Niliporudi Tabora na shahada yangu kutoka Uganda, nilidhani mji utasimama kunitazama. Mji ulikuwa ukimtazama Masanja! Fundi wa karakana, aliyeishia darasa la nne, mshambuliaji anayecheza peku. Siku moja nilipita naye sokoni nikawa nahesabu salamu. Zake ishirini na tatu. Zangu mbili, na moja ilikuwa ya mtu aliyetaka nimwandikie barua.

Lakini kilichonichoma hasa ni firigisi. Tangu baba afariki, firigisi ya kuku nyumbani kwetu ni yangu. Jumapili moja mama alimkaribisha Masanja, na firigisi ikatua kwenye sahani yake. Mama akasema, "Kula, mwanangu, jana ulitufurahisha." Mwanangu! Ndugu zangu, nilitafuna shingo ya kuku ile kama natafuna mawe.

Basi, kamati ya ligi ya mji ikanifanya katibu kwa sababu ya Kiingereza changu. Jumamosi moja timu ya Karakana ikakutana na timu ya makarani. Makarani walivaa viatu vya njumu, na njumu zile za ngozi hupigiliwa misumari. Zikilika, misumari hutokeza. Karakana walikuwa peku, bendeji tu vifundoni. Kabla ya mapumziko msumari ulimchana beki wao, Petro, muundi wote, mpaka mfupa ukaonekana. Masanja alikuwa amekwisha kuiomba kamati mara mbili viatu vikaguliwe. Mara zote mbili mimi niliandika "imepokelewa", nikafunga daftari.

Kipindi cha pili kilipoanza, Masanja akakaa chini katikati ya uwanja. Wenzake wote wakakaa. Refa alikuwa Mzee Chilewa, Mgogo, nanyi mnajua Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zetu walipopita Ugogo na mizigo kichwani kwenda pwani. Masanja akampigia kelele, "We Mgogo! Usipokagua viatu hivyo, leo tunakuzika hapa hapa, na ubuyu wako tunaula sisi!"

Mzee Chilewa akaitoa firimbi mdomoni. "Nyamaza, mpagazi we! Mzigo wako bado unakungoja Bagamoyo!"

Uwanja mzima ukacheka. Hata mimi nilicheka.

Mwenyekiti wetu, Mzungu, hakucheka. Aliniambia kwamba watu wanaokaa chini Jumamosi uwanjani watakaa chini Jumatatu kazini, wagome. Akaagiza ripoti. Sasa, sheria za ligi hazikuwa na kifungu cha kukaa chini. Kifungu cha kumtishia refa kilikuwapo. Ndugu zangu, nilikijua kifungu hicho kwa moyo! Nikaandika kwa Kiingereza safi: mchezaji alimwambia refa kwamba angezikwa siku ile ile. Nikaweka nukta. Jibu la refa sikuliandika. Kicheko sikukiandika. Utani sikuueleza.

Refa mwenyewe alikuwa amepanda treni kwenda kwao likizo, wala hakuulizwa. Masanja akafungiwa mwaka mzima. Na kwa kuwa karakana walimwajiri kwa sababu ya miguu yake, aliambiwa mwisho wa mwezi arudishe nyundo na ahame chumba. Nami nilingoja kufurahi. Furaha haikuja. Likaja lile swali.

Wiki ya tano Mzee Chilewa akarudi. Alipiga hodi kwetu, na kabla hajakaribishwa akamkamata mtetea wetu miguu. "Huyu wangu! Nendeni mkanishitaki!" Mama akacheka mpaka akashika kiuno.

Ndipo mzee akanigeukia, kuku bado mkononi. "Kijana, mtani akichukua kuku, ni mwizi?"

"Hapana, mzee."

"Na siku nikifa, nani atakayekuja kunizika, kama si mtani wangu? Mbona umemfanya mwuaji?"

Mama akaacha kucheka. "Ni wewe uliyeandika?"

Nilikuwa na majibu hamsini, yamepangwa tayari. Niliyaacha yote. Nilipiga magoti pale pale uani nikasema neno nililolikwepa miezi yote: "Bwana, namwonea Masanja wivu." Basi! Sikueleza, sikujitetea. Na lile swali la wiki tano likaniachia. Haleluya!

Jumamosi ile nilisimama mbele ya kamati nikasoma ripoti mpya: utani, jibu la refa, kicheko, muundi wa Petro, na yale maombi mawili niliyoyafungia katika daftari. Mwenyekiti akauliza kama sikuujua utani huo siku ile. Nikajibu, "Niliujua, bwana." Nikaiweka kalamu mezani kabla hawajaidai. Ukatibu umekwisha. Masanja amerudishiwa uwanja na nyundo, na sasa refa hupitisha kiganja chini ya kila kiatu kabla ya mpira kuanza.

Ndugu uliyekaa hapo, unayehesabu salamu za mwenzako, usingoje wiki tano. Mwite Bwana, na uutaje wivu wako kwa jina lake hasa: wivu. Hatakucheka.

Nami Jumapili iliyopita nilimwalika Masanja chakula. Nikaichukua firigisi kwa mkono wangu mwenyewe, nikaiweka kwenye sahani yake. Iliniuma, siwadanganyi. Akaila yote, ndugu zangu, hakunibakizia hata kipande! Nami nikamsogezea mchuzi.